Jiko la kuni la karakana: chuma kipi kiguse moto, kipi kikae mbali

Saa nne asubuhi karakana nyingi za Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Igoma, huwa zinafuka moshi. Mama lishe ameshabandika chai, vipande vya mbao walivyotupa maseremala vinawaka, na jiko lenyewe ni rimu ya gari iliyolazwa chini, pipa lililokatwa nusu, au mawe matatu tu. Nafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi hapa mjini, na majiko ya namna hii nimeyakagua mengi. Kuunda jiko kwa chuma chakavu hakumshindi fundi wetu yeyote. Kinachonisumbua ni kwamba chuma tunakichagua kwa unene na bei, hatuulizi kilibeba nini wala kilipakwa nini kabla hakijafika mikononi mwetu.

Nianze na zinki, kwa sababu iliniumiza mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza kazini nilishinda siku nzima nikichomelea mabomba kuukuu ya maji ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Jioni mdomoni nilikuwa na ladha kama ya sarafu. Usiku nikatetemeka, viungo vikaniuma, homa ikapanda, na nikajua kabisa kuwa ni malaria. Nilipopimwa, vimelea havikuonekana. Siku ya pili nikaamka mzima. Ilikuwa homa ya moshi wa metali. Zinki iliyopakwa juu ya bomba na bati ili visishike kutu huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 na kuchemka kwenye 907, na cheche ya kuchomelea ina joto kali kuliko hilo mara kadhaa. Ule moshi mweupe unaopanda na kuacha unga mweupe pembeni ni zinki hiyo hiyo. Dalili huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kwa hiyo katika kanda yetu yenye malaria fundi anameza dawa isiyo yake na kesho anarudi kwenye moshi ule ule. Ukiona chuma kina rangi ya fedha yenye maua maua, hicho ni cha zinki. Kisikae ndani ya jiko mahali ndimi za moto zinapofika. Kama ni lazima ukichomelee, saga ile rangi ya fedha kwa grinda kuzunguka kiungo, fanyia kazi nje, na upepo ukupite ubavuni.

Pipa ndilo mwili wa jiko, na ndilo linalojeruhi watu. Pipa la dizeli au oili likionekana tupu bado limejaa mvuke, na cheche moja ya grinda inatosha kulilipua. Hata pipa la mafuta ya kula lina utando ndani ambao ukipashwa moto hutoa mvuke unaowaka. Mimi nachukua la mafuta ya kula, nalifungua vizibo vyote, nalisugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha nalijaza maji mpaka karibu na mstari wa kukata na kulikata kwa patasi na nyundo. Ni kazi ya polepole, lakini haina cheche kubwa. Pipa lililobeba dawa ya pamba au ya mifugo lisiingie kwenye karakana kwa kazi yoyote. Mtungi wa gesi nao usiukate.

Mengine yapo machache, lakini yana madhara. Rimu za aluminiamu, zile zinazong'aa za magari madogo, huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na moto mzuri wa kuni unafika huko. Chuma cha boti kuukuu mara nyingi kina rangi nyekundu ya chini yenye madini ya risasi. Ukiipasha moto unavuta risasi. Drumu ya breki ya lori ni chuma kizuri sana cha jiko, ila vumbi lake usilipulize kwa kompresa, kwa kuwa breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholoa. Vipande vya paa kuukuu la asbesto visitumike kama kizuizi cha joto, hata kama vinafaa kwa umbo.

Sasa jiko lenyewe. Watu wengi hudhani chuma kinene ndicho kinachofanya jiko liwe kali. Chuma hunyonya joto na kulitupa nje, na kikiwaka chekundu kila siku kinababuka magamba na kutoboka. Moto unataka chumba kidogo chenye kuta zisizonyonya joto, ili moshi uungue humo humo kabla haujagusa sufuria. Wazo hili lilifanyiwa kazi na mhandisi Larry Winiarski huko Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na limesambaa duniani kwa sababu halihitaji kiwanda.

Udongo wa kuta hizo tunao. Chukua udongo wa kichuguu, uponde, uchekeche, changanya na pumba za mpunga, kiasi cha pumba kisipungue kiasi cha udongo, ukande na uuache siku mbili tatu. Finyanga matofali, yakauke kivulini, kisha yachome. Pumba huungua ndani na kuacha matundu madogo madogo yenye hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Tofali lililokubali utalijua ukiliinua: ni jepesi kuliko ulivyotarajia, na ukilivunja utaona matundu meusi yenye umbo la punje ya mpunga. Usitumie vipande vya mawe yetu ya Mwanza ndani ya jiko. Itale yenye unyevu ikipata moto hupasuka na kurusha vigae, na nimeona jicho lililoumizwa hivyo.

Pipa la lita 200 likate libaki na kimo cha sentimita 55. Chini tandika matofali, juu yake jenga chumba chenye umbo la herufi L: mdomo wa kuingizia kuni wa sentimita 12 kwa 12, na shimo la kupanda juu la vipimo hivyo hivyo, kimo cha 36. Katika mdomo weka kipande cha bamba jeusi, yaani lisilo na zinki, kikiacha theluthi ya chini wazi. Kuni hukaa juu ya bamba, hewa hupita chini yake na kufika kwenye makaa ikiwa imeshapata joto. Mafundi wengi hujaza kuni mdomo mzima kisha wanalalamika kwamba jiko linafuka. Hewa haina pa kupita. Nafasi yote iliyobaki kati ya chumba na pipa ijaze majivu makavu yaliyochekechwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukikosea. Kitako cha sufuria kikae sentimita 3 juu ya shimo. Shimo la 12 kwa 12 lina eneo la sentimita za mraba 144, na mzunguko wake ni 48. Gawa, unapata 3. Ukiacha pungufu ya hapo moto unabanwa na kurudi mdomoni, ukiacha zaidi joto linapita bila kuigusa sufuria. Pembeni mwa sufuria acha nafasi ya sentimita moja na nusu, na upande ulio karibu na bomba la moshi ipunguze kidogo, maana gesi hupenda njia ya mkato. Kifuniko cha juu kiwe bamba jeusi la milimita 4 au 5 lenye tundu la sufuria.

Ndani ya karakana, jiko bila bomba la moshi silikubali. Bomba liwe na kipenyo cha sentimita 15, mita ya kwanza iwe ya chuma cheusi, juu yake ndipo bati linaweza kuendelea. Lipande juu ya paa angalau sentimita 90, likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao za kenchi, na jiko lenyewe liwe mbali na ukuta wa mbao kwa karibu mita moja. Mchana upepo wetu huvuma kutoka ziwani, kwa hiyo mdomo wa jiko usiuelekeze ziwani. Mafundi wa mitumbwi wanaofanya kazi wazi pale mwaloni wanalijua hili vizuri.

Kuni za karakana zinahitaji kuchambuliwa, na hapa nawaomba maseremala wanisikilize. Mbao za kenchi zenye rangi ya kijani kijani zimetiwa dawa, na katika dawa hiyo kwa kawaida mna shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki haiungui. Sehemu inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu hayo ndiyo mama lishe anayosugulia sufuria. Nguzo kuukuu za umeme nazo ni vivyo hivyo, na plaiwudi na mbao za kubandika zina gundi yenye moshi mchungu. Weka mapipa mawili, moja la mbao tupu na jingine la hizo zingine, na mwanafunzi mgeni aelezwe siku ya kwanza. Maranda ni mazuri kwa kuwashia tu. Vumbi la msumeno usilirushe kwa chepe kwenye moto, kwa sababu likiwa hewani linalipuka.

Kilo moja ya mti mbichi inaweza kuwa na nusu kilo ya maji, na jiko hulazimika kuyachemsha yote kabla halijaichemsha chai. Kuni zikae chini ya paa tangu kiangazi, si kuletwa mvua za Novemba zikiwa zimeanza.

Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania. Naunga mkono, na karakana inayomudu gesi au umeme ihamie huko. Inayowasha kuni leo iwashe chache na kwa usalama.

Na walinzi wa usiku: tafadhali msiingize makaa ndani ya kontena kwa sababu ya baridi ya mvua. Makaa yasiyotoa moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu husikia kichwa kizito, analala, haamki.

Jiko likikamilika lisipikiwe siku hiyo. Moto wa kwanza uwe wa vijiti vichache nje ya jengo, siku tatu mfululizo, ili udongo utoe maji yake taratibu. Nyufa zitakazojitokeza zizibe kwa udongo ule ule uliolainishwa na majivu. Siku ya nne washa moto kamili, subiri dakika kumi, kisha tazama ncha ya bomba la moshi: mwanzoni utaona moshi mweupe, halafu utaona hewa ikitetemeka tu juu ya bati.