Tanzania na Kenya: nani anatumia zaidi kwa elimu?

Kila Juni, bajeti ya Serikali ikishasomwa hapa Dodoma, watu huweka tarakimu ya Wizara ya Elimu yetu kando ya ile ya Kenya na kusema wenzetu wametuacha mbali. Pengo lipo kweli. Lakini ukubwa wake hukosewa karibu kila mara, kwa sababu aliyehesabu amefungua fungu moja tu, yaani sehemu moja ya bajeti yenye namba yake, iliyotengewa wizara au mkoa.

Kwetu, Wizara ya Elimu ni Fungu 46. Humo utakuta vyuo vikuu vya umma na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mishahara ya walimu wa shule za msingi na sekondari haimo. Mwalimu wa Chamwino au Kondoa hulipwa kupitia halmashauri yake, hivyo mshahara wake uko Fungu 72, Mkoa wa Dodoma. Katika vitabu vya bajeti, matumizi ya kawaida ya wizara yako Kitabu cha Pili, ya mikoa Kitabu cha Tatu, na miradi ya maendeleo Kitabu cha Nne. Ukiishia Kitabu cha Pili, umeacha nje mishahara, yaani sehemu kubwa kuliko zote.

Kenya hali ni tofauti. Walimu huajiriwa na kulipwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, na taarifa za sekta ya elimu huijumlisha. Kwa hiyo anayelinganisha Fungu 46 na sekta nzima ya Kenya anapima wizara moja dhidi ya wizara pamoja na walimu wote wa nchi. Nao wana mafungu yanayosahaulika: Katiba yao ya 2010 iliipa kaunti elimu ya awali, na Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge hutoa basari na kujenga madarasa.

Tuchukue ruzuku ya sekondari, yaani fedha ambazo Serikali huitengea shule kwa kila mwanafunzi, maana ndipo upotoshaji unapoonekana wazi. Chini ya elimumsingi bila ada (hadi kidato cha nne) iliyoanza Januari 2016, kiwango kilichowekwa ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu ikienda shuleni na nusu ikibaki kununulia vitabu. Juu yake kuna fidia ya ada ambayo mzazi halipi tena, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa. Jumla ni 45,000. Kenya ilipanga shilingi 22,244 za kwao kwa mwanafunzi kwa mwaka. Tukiifanya shilingi moja ya Kenya kuwa 20 za kwetu, kwa ajili ya hesabu hii tu, tunapata 444,880. Anayetazama 12,500 iliyofika shuleni atasema Kenya inatuzidi zaidi ya mara 35. Aliyejumlisha vyote atapata karibu mara 10. Hata hiyo inahitaji maelezo, kwa kuwa fedha za Kenya hugharamia pia ukarabati na ujira wa watumishi wasio walimu, na wakuu wa shule wa huko wamelalamika hadharani kwamba hazifiki zote wala kwa wakati. Kubadilisha fedha kwa bei ya benki nako hakuonyeshi chaki au maharage ya shule yanauzwaje kila upande. Tumia viwango vya uwezo wa kununua, yaani vinavyozingatia tofauti ya bei za bidhaa kati ya nchi na nchi.

Ukitumia asilimia, taja ni asilimia ya nini. Azimio la Incheon la 2015, makubaliano ya kimataifa kuhusu elimu, liliweka vigezo viwili: asilimia 4 hadi 6 ya Pato la Taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya Serikali. Hicho cha pili hubadilika sana kutegemea kama deni la taifa limo katika jumla. Cha kwanza nacho huyumba takwimu zikirekebishwa: mwaka 2014 Pato la Taifa la Kenya liliongezeka kwa takriban asilimia 25 kwa kubadilishwa mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kukokotoa Pato hilo, na uwiano wa elimu ukashuka bila hata shule moja kupunguziwa fedha.

Usitegemee mwaka mmoja. Mwaka 2021/22 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa UVIKO-19. Mwaka kama huo hauonyeshi kawaida yetu. Chukua angalau miaka mitatu, na utenganishe fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na Hazina na zilizotumika. Ukiwa na za kuidhinishwa upande mmoja na za kutumika upande wa pili, acha kulinganisha mpaka upate zinazofanana.