Ukiokota Sarafu ya Kale, Usiisugue

Wengi wanaotufuata makumbusho na sarafu huja nayo imefungwa kwenye kitambaa, na swali lao huwa lilelile: "Hii inauzwa bei gani?" Majuzi bwana mmoja alitoa ya kwake mfukoni iking'aa kama imetoka kiwandani. Ya shaba, upana wake hauzidi kidole gumba. Alikuwa ameisugua kwa limau na majivu ili maandishi yasomeke. Yalikuwa yamekwisha.

Kwa umbo lake nilihisi ni ya Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, na mimi huzipenda kwa sababu ni ushairi: upande mmoja jina la sultani, wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina vina vinavyolandana. Ya Ali bin al-Hasan inasema kwamba anamtumainia Mola mwenye neema. Kisichoandikwa ni mwaka. Umri wa sarafu kama hiyo tunaupata kwa kuangalia ililala na nini ardhini.

Mfano mzuri uko Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyepesi, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, watawala wa Misri wa zama hizo. Zile za fedha hazina tarehe, dinari zinazo. Kwa kulala pamoja tu, za fedha zikajulikana kuwa za karne ya 11. Na kwa kuwa jina la Ali bin al-Hasan limo humo, sultani ambaye baadhi ya wanahistoria walimweka karne za baadaye ikabidi arudishwe nyuma. Lau mwenye detekta, ile mashine ya kutafutia madini ya chuma na shaba ardhini, angefika wa kwanza, akabeba dhahabu na kutawanya zilizobaki, hayo yote tusingeyajua.

Detekta yenyewe haina kosa. Koili yake, yaani waya uliozungushwa, hutoa uga wa sumaku, chuma au shaba iliyo chini hujibu, nayo inalia. Lakini hulia hata kwa kizibo cha soda, na kwenye mchanga wa pwani uliolowa maji ya chumvi inaweza kulia bila sababu. Kwa sarafu moja huwa haivuki sana sentimita 30, kwa hiyo anayekuuzia "mashine ya kuona hazina mita kumi" anakula hela yako.

Wa namna hiyo ndio wanaoeneza habari za mali eti iliyofukiwa na Mjerumani enzi za ukoloni, na rupia zake zenye zebaki. Rupia ya Mjerumani ni ya fedha, haina zebaki yoyote. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Ipo kweli, ila za bandia nazo zimejaa.

Sheria pia ijulikane. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba malikale bila leseni ni kosa. Kenya, anayegundua kitu cha kale anapaswa kutoa taarifa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa alipokipata.

Kwa hiyo ukiiona sarafu, piga picha ikiwa bado palepale, andika mahali na kina chake, kisha acha kuchimba. Ikiwa imeshatoka, ishike kwa ukingo. Usiioshe. Ile kutu ya kijani iliyoshikamana mara nyingi ndiyo inayolinda maandishi. Ya kuogopa ni unga wa kijani mpauko unaopukutika, dalili kwamba chumvi inaila shaba. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya kinafaa sana hapa. Mifuko laini ya plastiki huharibu.

Yule bwana sikumuuliza tena habari za sarafu. Nilimpa karatasi anichoree alipoichimba. Alichora mbuyu, kisima, njia ya kwenda ufukweni, halafu akakumbuka kwamba shimoni kulikuwa na vigae vingi, vingine vya rangi ya buluu.

"Vile nilivitupa baharini," alisema. "Si havina bei."