Buibui Jeusi Likigeuka Hudhurungi: Filta za ND na Rangi Zinazopotoka

Malalamiko haya hutufikia chuoni zaidi msimu wa harusi. Mpiga video amerekodi nje, tuseme Lamu au Unguja, saa nane mchana jua likiwaka. Akifungua kazi yake kwenye kompyuta anakuta mabuibui meusi ya akina mama yamekuwa ya hudhurungi na suti ya bwana harusi imeingia uzambarau, ilhali kanzu nyeupe na nyuso za watu ziko sawasawa. Lawama zote zinaiangukia kamera. Mara nyingi kamera imeonewa; mwenye kosa ni kile kioo cheusi kilichofungwa mbele ya lenzi.

Kioo hicho, filta ya ND, kina kazi moja: kupunguza mwanga bila kugusa rangi. Anayerekodi fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida huweka shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, kwenye 1/50 ya sekunde, na jua la mchana likikutana na tundu la lenzi lililo wazi, picha yote inakuwa nyeupe. Mpiga picha wa mandhari anaihitaji kwa sababu nyingine. Kwa jua kali, ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga) na tundu dogo la f/16, shata huwa karibu 1/125. Akifunga filta ya stopu 10 (kila stopu moja hukata mwanga nusu) anapata sekunde nane, na mawimbi yanalainika kama moshi. Alama za madukani huchanganya wanunuzi, lakini stopu 10, ND1000 na 3.0 ni kitu kimoja: filta inapitisha takriban sehemu moja ya mwanga katika elfu.

Hilo la "bila kugusa rangi" ndilo gumu kutimiza. Rangi iliyotiwa kwenye kioo au plastiki hainywi mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu kwa kiwango kilekile. Kwenye filta ya stopu tatu tofauti hiyo huenda usiione. Kwenye stopu kumi, kosa dogo la kila stopu limezidishwa mara kumi, na picha nzima inavikwa utando wa rangi. Lee Big Stopper, kwa mfano, inajulikana kwa ubluu wake. Filta ya B+W ya stopu kumi huelekea kwenye wekundu wa joto.

Utando wa aina hii hauna ubaya mkubwa, kwa kuwa umekipaka kila kitu sawa. Piga picha kwa faili ghafi (RAW) badala ya JPEG. Weka kadi ya kijivu mbele ya lenzi, katika mwanga uleule wa kazi yako, uipige ukiwa umefunga filta, kisha uipe kamera picha hiyo iwe kipimo chake cha weupe. Kamera ikikataa kwa sababu ya giza, usihangaike: ipige kadi kama picha ya kawaida, kipimo utakichukua baadaye kwenye kompyuta. Kwa filta yenye ubluu mkali usishangae namba ya kipimo hicho cha weupe ikipanda hadi Kelvin 8,000 au zaidi, wakati mwanga wa mchana bila filta huwa karibu 5,500. Jambo linalosahaulika ni histogramu ya rangi tatu, mchoro unaoonyesha kiasi cha mwanga wa kila rangi. Ubluu mkali maana yake wekundu umekosa mwanga, na ukija kuuinua kwenye kompyuta utainua chembechembe zinazochafua picha pamoja nao. Ongeza muda wa shata kidogo palepale ulipo, maadamu bluu haijafika ukingo wa kulia wa mchoro huo.

Buibui la hudhurungi ni habari nyingine kabisa. Kihisi cha kamera kimetengenezwa kwa silikoni, na silikoni huona hata infraredi ambayo jicho halioni. Mtengenezaji huweka kioo cha kuizuia mbele ya kihisi, lakini hupenya kidogo. Katika hali ya kawaida mwanga unaoonekana huifunika isidhuru. Sasa funga filta ya ND ya kawaida: mwanga unaoonekana umepungua mara elfu, infraredi imepita karibu yote, na ile iliyokuwa haionekani imekuwa na nguvu. Vitambaa vyeusi vya poliesta huirudisha kwa wingi, ndiyo maana suti na mabuibui huumbuka kwanza; majani ya miti nayo huirudisha sana, na kijani chake hufifia. Enzi ya filamu za kawaida za rangi shida hii haikuwepo, kwani filamu hizo haziioni infraredi. Kwa hiyo filta za zamani zilizorithiwa kutoka enzi hiyo zichunguzwe.

Hapa kadi ya kijivu haisaidii. Ukiuondoa wekundu kwenye buibui, uso wa bibi harusi unakwenda kijani. Dawa ni filta ya ND iliyotengenezwa kuzuia na infraredi, ambayo huuzwa kwa jina la IRND. Ghali, ndiyo, ila kwa anayekula kwa kazi za harusi mimi ningeinunua kabla ya lenzi mpya.

Kuipima unayomiliki, tandika nguo nyeusi kadhaa juani, ya pamba, ya poliesta na ya sufu, uzipige bila filta halafu ukiwa nayo. Zikipishana rangi kwenye picha ya pili tu, jibu umelipata. Wengine hutumia rimoti ya televisheni mbele ya kamera ya simu; ni mchezo mzuri, ila taa yake iko karibu nanomita 940, na kinachosumbua kamera zaidi huanzia jirani na 700.

Zile filta za kuzungusha, zenye polaraiza mbili ndani (vioo vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), hubadilika rangi kadiri unavyozungusha. Kila ukizigusa, piga kadi upya.

Na kwa wapenzi wa machweo: kadi ya kijivu haijui kutenganisha utando wa filta na wekundu wa jua, hivyo itavifuta vyote viwili. Piga fremu moja bila filta, papo hapo piga ya pili ukiwa nayo, kisha ukiwa kwenye kompyuta rekebisha ya pili mpaka ilingane na ya kwanza. Fanya haraka, jua letu la ikweta halichukui muda kuzama.