El Nino, vuli na maji ya Kilindini: tunayoyakosea kuhusu bahari yetu

Vuli inapozidi kipimo na matatu za Mwembe Tayari, hapa Mombasa, zikaanza kuvuka madimbwi kama madau, hakosi abiria wa kusema, "Hii ni El Nino, ndugu yangu." Jina hilo limetuzoea kiasi kwamba kila mvua kubwa hubatizwa nalo, na bahari iliyo mbele ya macho yetu, ambayo ndiyo yenye neno kubwa zaidi katika jambo hili, haitajwi.

Dhana: El Nino ni mvua, na bila El Nino hakuna mafuriko.

El Nino si mvua. Ni hali ya maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki, kuanzia katikati ya ikweta hadi pwani ya Peru, kupata joto kupita kawaida. Wavuvi wa Peru ndio walioipa jina, kwa kuwa waliiona karibu na Krismasi. Athari zake hutufikia, lakini kwa sehemu kubwa hupitia Bahari ya Hindi kwanza. Katika mwaka wa kawaida, wakati wa tangambili, yaani kusi inapoisha na kaskazi haijashika, pepo za ikweta husukuma maji ya joto kuelekea Sumatra, na mawingu mazito hukaa huko. Miaka mingine pepo hizo hugeuka zikavuma kutoka mashariki: maji baridi huibuka kutoka chini karibu na Sumatra na Java, maji ya joto husogea upande wetu, na mvua huyafuata. Wanasayansi waliieleza hali hiyo mwaka 1999 na kuiita dipoli ya Bahari ya Hindi.

Miaka yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1961 vuli ilifurika Afrika Mashariki, hata Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata, na El Nino haikuwepo. Iliyokuwepo ni dipoli. Mwaka 1997 zilikutana zote mbili, na waliokuwa Mombasa wakati huo hawahitaji kukumbushwa. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa, watu wakajiandaa kwa 1997 ya pili, lakini dipoli ya mwaka huo ilikuwa dhaifu kuliko ile ya awali, na vuli haikufikia kiwango kilichohofiwa. Mwaka 2019 mambo yakawa kinyume: Pasifiki ilikuwa imetulia kwa kiasi kikubwa, dipoli ikawa kali mno, na mvua ikaendelea hadi Januari 2020. Kwa maoni yangu, mwaka huo mmoja ulitosha kuliondoa jina la El Nino midomoni mwetu kila mvua inyeshapo. Haukuliondoa.

Dhana: bahari ikiwa na joto, mvua haina budi kunyesha.

Joto peke yake halitoshi. Kinachohesabika ni upande upi una joto zaidi. Upande wa Indonesia ukituzidi, hewa hupanda huko, ikanyesha huko, kisha hushuka kwetu ikiwa kavu, na hewa inayoshuka haijengi mawingu. Ndivyo ilivyokuwa sehemu kubwa ya miaka 2020 hadi 2022, La Nina, yaani Pasifiki ya ikweta kupoa kupita kawaida, ilipodumu miaka mitatu na misimu mitano ya mvua ikapotea mfululizo katika Pembe ya Afrika, wakati ambapo maji ya Bahari ya Hindi kwa jumla hayakuwa baridi hata kidogo.

Dhana: masika na vuli ni mvua moja.

Si moja. Dipoli na El Nino hutawala vuli zaidi, ilhali masika huyasikiliza kwa shida, ndiyo maana hutabirika kwa uchache. Hapa Mombasa masika hufikia kilele Mei, kusi ikiwa tayari imeshika na kutuletea unyevu kutoka baharini moja kwa moja.

Dhana: bahari ni kama maji ya karai, ikipanda hupanda sawa kila mahali, tena maji yakijaa hupwa.

Methali hiyo ni ya kweli kwa saa sita, si kwa miaka sitini. Ukishuka ngazi za mawe zinazoingia majini upande wa Mji wa Kale, utaona vidato vya chini vimevaa mwani wa kijani unaoteleza na vya juu vimekauka vyeupe. Hiyo ni kazi ya kujaa na kupwa: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti yake huweza kukaribia mita 4, na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni ndogo zaidi. Mbele ya mita hizo, kupanda kwa usawa wa bahari hakuonekani kwa jicho. Wastani wa dunia ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, ambayo kwa miaka thelathini ni kama sentimita 11, upana wa kiganja na kidole. Barafu ya nchi kavu inayeyuka na kuingia baharini, na maji yenyewe hutanuka yapatapo joto.

Hata hivyo wastani wa dunia si kipimo cha Kilindini. Uso wa bahari una vilima na mabonde, na satelaiti zimekuwa zikiyapima mfululizo tangu 1992. Pepo zikibadilika kwa miongo, maji hurundikana upande mmoja na kupungua mwingine. Ndiyo maana kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1960 usawa wa bahari ulishuka katika eneo la kusini mwa ikweta, Zanzibar ikiwemo, huku pwani nyingi za Bahari ya Hindi zikishuhudia ukipanda. Mtu akikikata kipande hicho peke yake atadai kwamba bahari haipandi.

Dipoli nayo huyainua maji ya upande wetu, kwa sababu tabaka la joto huwa nene na maji husukumwa magharibi. Nyongeza hiyo huja Oktoba na Novemba, vuli ikiwa imepamba moto, na hujumlishwa na bamvua, ambayo Mombasa hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua ikinyesha saa hiyo, mdomo wa mtaro umeshazibwa na bahari, na maji ya barabarani hubaki barabarani mpaka bahari ianze kupwa.