Mpiga Kura Aliyebaki Nyumbani Si Mali ya Chama

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, ambapo Raila Odinga alishindwa na William Ruto kwa kura zipatazo 233,000, baadhi ya wafuasi wa Azimio, muungano wa vyama uliomsimamisha Odinga, waliwatupia lawama wakazi wa ngome zao, hasa Mombasa, ambako hata nusu ya waliojiandikisha hawakujitokeza. Lawama hiyo huchukulia kwamba kila aliyebaki nyumbani ni kura ya chama iliyopotea njiani. Si kweli. Idadi ya waliojitokeza ilishuka nchi nzima, hata katika kaunti za Mlima Kenya alikovuna Ruto. Na Mombasa kwenyewe uchaguzi wa gavana, ambao pengine ndio ungemtoa mkazi wa Likoni au Kisauni kitandani alfajiri, uliahirishwa siku moja tu kabla ya kura. Chama kinachotaka kumrudisha mtu huyo kina kazi ya kumfuata mtaani kwake miaka mitano yote, kuendesha mchujo wa wagombea ambao mshindi wake hapangwi Nairobi, na kumuuliza kwa adabu kwa nini hakwenda. Kumwita msaliti (jambo rahisi kuliko yote) humpa sababu nyingine ya kutokwenda.