Kura ya Florida haikuruhusu kila mtu kuvuta bangi

Kuna ujumbe unaozungushwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp: eti Florida, Marekani, ilipiga kura na sasa bangi ni ruksa kwa yeyote. Si kweli. Kura ya 2016 iliruhusu bangi ya matibabu tu: mgonjwa athibitishwe na daktari aliyeidhinishwa, kisha awe na kadi ya jimbo. Soma mwenyewe Katiba ya Florida, Ibara ya 10, kifungu cha 29.

Mkanganyiko unaeleweka. Mwaka 2024 pendekezo la bangi ya starehe lilipata takriban asilimia 56, wengi wakadhani limepita. Kumbe zilihitajika 60. Ndugu zetu wasio raia wawe waangalifu zaidi, maana uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, si ya jimbo. Tafadhali, usisambaze ujumbe huo.