Usalama wa ndege baada ya Lockerbie: yanayosemwa na yaliyotokea

Jioni ya 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am 103 ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, dakika 38 baada ya kuruka kutoka Heathrow. Walikufa wote 259 waliokuwamo, na wengine 11 chini ardhini. Mambo mengi tunayoyaona leo uwanjani, na hata kesi za kuidai fidia serikali inayofadhili ugaidi, yanapitia hapo. Uvumi nao haukuachwa nyuma.

Dhana: Ukaguzi wa abiria ulianza baada ya Septemba 11

Marekani ilianza kumkagua kila abiria na mkoba wake Januari 1973, baada ya miaka ya ndege kutekwa na kupelekwa Cuba. Watekaji wa 2001 hawakukwepa ukaguzi. Walipita humo humo, kwa kuwa visu vyenye makali yasiyofika inchi 4 vilikuwa ruhusa. Kilichobadilika hasa ni mkaguzi: kazi hiyo ilikuwa ya mashirika ya ndege, nayo yaliitoa kwa kampuni za ulinzi kwa bei ya chini. Novemba 2001 sheria iliihamishia serikalini, likazaliwa shirika la serikali la usalama wa usafiri, TSA. Mlango wa chumba cha marubani nao ukaimarishwa, na kwa maoni yetu mlango huo umeokoa wengi kuliko viatu vyote vilivyovuliwa kwenye foleni.

Dhana: Bomu la kuangusha ndege kubwa lazima nalo liwe kubwa

Kilipuzi cha Lockerbie, Semtex, kilikadiriwa kuwa chini ya nusu kilo. Kilifichwa ndani ya redio kaseti ya Toshiba, redio ikawekwa kwenye sanduku gumu la Samsonite, na sanduku likapakiwa kwenye kontena la mizigo upande wa kushoto mbele, jirani kabisa na ukuta wa ndege. Ndege ilikuwa futi 31,000. Kimo hicho hewa ya nje ni nyepesi mno na ya ndani imeshindiliwa, hivyo tundu dogo kwenye bati huendelea kuchanika lenyewe.

Linganisha na ndege ya shirika la Daallo iliyotoka Mogadishu tarehe 2 Februari 2016. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta mpakato, likatoboa ukuta wa ndege, lakini ndege haikuwa imefika hata futi 15,000. Tofauti ya shinikizo ilikuwa ndogo, rubani akaigeuza na kutua salama. Aliyekufa ni mlipuaji peke yake, aliyevutwa nje kupitia tundu. Kompyuta hiyo alikabidhiwa na wafanyakazi wa uwanja akiwa ameshavuka ukaguzi. Kamera ziliwanasa.

Dhana: Sanduku likishapita eksirei, limeshakuwa salama

Hapa ndipo palipowaua watu wa Lockerbie. Kwa mujibu wa hukumu ya 2001 iliyomtia hatiani ofisa mmoja wa Libya, sanduku lile lilianzia Malta, likahamishiwa Pan Am mjini Frankfurt, kisha London, bila abiria yeyote wa kuandamana nalo. Frankfurt, Pan Am ilikuwa ikipiga eksirei mizigo inayotoka mashirika mengine, lakini haikuilinganisha na abiria waliopanda. Eksirei ya enzi zile ilionyesha vivuli tu, na redio yenye Semtex ndani huonekana redio.

Uchungu ni kwamba somo lilikuwa limeshatolewa. Juni 1985 mtu alisajili sanduku Vancouver, hakupanda ndege, na sanduku likaunganishwa hadi Air India 182. Mashine ya eksirei ya Toronto iliharibika siku hiyo, wakatumia kifaa cha mkononi cha kunusa vilipuzi. Ndege ililipuka, wakafa watu 329 karibu na pwani ya Ireland.

Utaratibu wa leo huenda hivi. Kaunta inabandika tagi yenye namba ya tarakimu 10 iliyofungwa na safari yako. Mpakiaji huisoma tagi kwa skana kabla ya kuliingiza sanduku ndani, na mfumo huandika limewekwa kontena gani. Mlangoni pasi yako ya kupandia nayo inasomwa. Usipotokea, sanduku lako linatafutwa na kushushwa, na hapo ndipo namba ya kontena inapookoa muda: asiyeijua hupekua shehena nzima. Basi tangazo la kuchelewa "kwa sababu ya kushusha mzigo wa abiria" lisikukere.

Mambo huharibika wapi? Tagi ikichanika na mtu akaandika namba kwa mkono. Abiria wa kuunganisha akikosa ndege ya pili ilhali mzigo wake umeiwahi. Ratiba ikibana, msimamizi akaamua "twende". Kuna pia mizigo iliyopotezwa na shirika lenyewe, ambayo husafiri bila mwenyewe, ila lazima ikaguliwe zaidi. Na kulinganisha hakumzuii aliyekubali kufa pamoja na sanduku lake. Ndiyo maana kulihitajika pia mashine zinazopiga picha za mzigo kwa tabaka na kupima densiti (uzito kwa ujazo) ya kila kitu ndani.

Dhana: Serikali ilijua siku na ndege, ikanyamaza

Ukweli una sura mbili. Tarehe 5 Desemba 1988 mtu alipiga simu ubalozi wa Marekani mjini Helsinki, akasema Pan Am inayotoka Frankfurt kwenda Marekani italipuliwa ndani ya wiki mbili. Wachunguzi walihitimisha kwamba simu ile ilikuwa ya uongo. Lakini onyo lilibandikwa ubalozini Moscow kwa wafanyakazi kulisoma, huku mnunuzi wa kawaida wa tiketi akiwa gizani. Ndugu wa marehemu hawakulisamehe hilo. Walishinikiza mpaka tume ya rais ikaundwa, na sheria ya 1990 ikapiga marufuku kuwaonya wachache tu kwa tishio linalomhusu kila msafiri.

Dhana: Libya ilikiri, ikalipa, haki ikapatikana

Barua ya Libya ya Agosti 2003 ilikubali kuwajibika kwa vitendo vya maofisa wake katika mlipuko wa Lockerbie. Haikusema "tuliamuru". Mwaka uliofuata waziri mkuu wake, Shukri Ghanem, alisema wazi kwamba walikuwa wakinunua amani. Malipo yalikuwa dola milioni 10 kwa kila marehemu, kwa mafungu: asilimia 40 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikiondolewa, 40 vya Marekani, na 20 Libya ikitolewa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Kila fungu lilikuwa na bei yake ya kisiasa.

Wale wa UTA 772, ndege iliyotoka Brazzaville na kulipuliwa juu ya jangwa la Niger Septemba 1989 ikiwa na watu 170, waliafikiwa dola milioni 1 kila mmoja mwaka 2004. Mshitakiwa ni yule yule, thamani ya maiti ikawa sehemu moja ya kumi.

Dhana: Mhanga yeyote wa ugaidi anaweza kuishtaki serikali husika Marekani

Tangu 1996 sheria ya Marekani inaiondolea nchi iliyoorodheshwa kuwa mfadhili wa ugaidi kinga ya kutoshtakiwa. Lakini mlango ni mwembamba: mdai au mhanga awe raia wa Marekani, mwanajeshi wake, au mfanyakazi au mkandarasi wa serikali yake aliyekuwa kazini. Sudan ilipotoa dola milioni 335 na kutolewa kwenye orodha Desemba 2020, sehemu ya fedha hizo ilihusu milipuko ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998, iliyoua watu 224. Mkenya aliyeajiriwa na ubalozi alikuwa na msingi wa kudai. Aliyekuwa jengo la Ufundi lililoporomoka jirani, akiwa darasani au kwenye shughuli zake, sheria hiyo haikumtambua, na wengi wa waliokufa Nairobi hawakuwa watumishi wa ubalozi.